Diwani wa Saluni

Asimina Psarrou hakuwahi kumbishia mteja. Hakuwa mnafiki, alilelewa hivyo na shangazi yake, aliyemrithisha saluni ile iliyo pembeni ya uwanja wetu, upande wa kanisa. Ukikaa kwenye kiti chake ukaanza kumlalamikia mkwe wako, atakwambia, "Ndiyo, dada, ni kweli." Mkwe wako akija kesho yake akulalamikie wewe, ataambiwa, "Ndiyo, mwanangu, ni kweli." Wote wawili mtatoka na nywele nzuri, na kila mmoja ana hakika kwamba Asimina yuko upande wake.

Mimi nina kibanda cha magazeti mkabala na mlango wake. Mengi ya haya nimeyaona kwa macho, na mengine kanisimulia mwenyewe tukinywa kahawa zile saa za mchana ambapo mji wetu mzima, Mavrolithi, umelala.

Mwaka ule ulikuwa wa chaguzi mfululizo. Kulikuwa na ya Ulaya, ambayo hakuna aliyeijali, kisha ya meya na madiwani, kisha ya bunge. Meya wetu alikuwa Efthimis, mwalimu mstaafu, mtu wa mrengo wa kushoto tangu ujana wake. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepokea familia chache za wakimbizi, Waafghani na Wasyria, akawapangishia nyumba zilizobaki tupu baada ya wenyewe kuhamia Athens. Wengine walifurahi kwa sababu shule ilipata watoto. Wengine walinuna. Rigas, mwenye duka la dawa, aliyekuwa akiutamani umeya kwa miaka, akaona hapo ndipo pa kupenyea.

Sheria yetu inadai orodha ya wagombea iwe na wanawake wa kutosha. Rigas hakuwa nao. Asubuhi moja akaingia saluni.

"Bi Asimina, nina ombi."

"Kaa kwanza. Nikupunguze hapo nyuma?"

Rigas akakaa, akafungwa shuka shingoni. "Nataka jina lako kwenye orodha yangu."

"Mimi siasa siijui, Bwana Rigas."

"Nani anaijua? Ni kujaza nafasi tu. Hutachaguliwa, usiwe na hofu."

"Ndiyo, basi," akasema Asimina, maana mkasi ulikuwa mkononi na sikio la mteja liko karibu.

Siku chache baadaye Efthimis naye akaja na ombi lile lile. Asimina akamwambia, "Pole, mwalimu, Rigas kakuwahi. Ungetangulia wewe ningekuwa wako."

"Lakini unajua Rigas anasema nini?"

"Anasema mengi. Hata wewe, mwalimu, husemi machache."

Efthimis akaondoka akitikisa kichwa.

Karatasi za kampeni zilipotoka, Rigas aliniachia rundo kibandani. Asimina akavuka barabara kuja kujiona. Picha yake ilikuwa ya tatu, nywele amezipaka rangi wiki ileile. "Imetoka vizuri," akasema. Kisha macho yakashuka chini ya picha, palipoandikwa kwa herufi nene: HAPANA. HATA MKIMBIZI MMOJA ZAIDI. Akasoma mara mbili. Akaniuliza, "Hii ni mimi ninasema?"

"Ni nyinyi nyote wa kwenye orodha."

Akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni, akarudi kwa mteja wake.

Jambo lililomchanganya lilikuwa Nasrin. Nasrin alitoka Herat, Afghanistan, ana watoto wawili, mume alibaki njiani kwa namna ambayo hakupenda kuieleza. Alikuwa akija Jumanne mchana, saluni ikiwa imefungwa kwa wengine, na Asimina akishusha pazia ili mwenzake aweze kuvua kitambaa. Kigiriki chake alikiokota kwa watoto wake, hivyo alizungumza kama mtoto wa darasa la pili mwenye sauti ya mama mtu mzima. Jumanne ile karatasi ilikuwa mbele ya kioo. Nasrin akaiokota.

"Wewe huyu?"

"Ni mimi."

Nasrin, asiyejua kusoma herufi zetu, akaitazama picha kwa makini. "Nywele nzuri sana," akasema.

"Nilishindwa kumwambia," Asimina alinieleza baadaye, "na nilishindwa kukaa bila kumwambia. Nikamkata kwa upande mmoja kupita mwingine, ikabidi nianze upya."

Siku ya kura ikafika. Rigas akashinda umeya kwa tofauti ndogo, lakini barazani hakupata wingi wa kutosha. Na aliyeongoza kwa kura za udiwani katika orodha yake nzima alikuwa Asimina. Rigas hakuelewa. Mimi nilielewa. Kila mwanamke wa Mavrolithi aliyewahi kukaa kwenye kiti kile aliamini anajichagua mwenyewe.

Mumewe, Zisis, aliyekuwa dereva wa lori kabla mgongo haujamwangusha, alizipokea habari akiwa kwenye kochi mbele ya televisheni. "Mheshimiwa," akamwambia, "leo tunakula nini?"

"Dengu."

"Na waheshimiwa wanakula dengu?"

"Huyu wako anakula."

Mwezi wa saba bunge nalo likachaguliwa, serikali ikabadilika, na chama cha Rigas kikaingia madarakani. Tukadhani sasa hadithi ya wakimbizi imekwisha. Kumbe visiwani watu walikuwa wamelala kwenye mahema juu ya matope, na serikali mpya, ambayo wakati wa kampeni ilisema maneno yaleyale ya Rigas, haikuwa na pa kuwaweka. Vuli ilipoingia wakaanza kuzitafuta hoteli zilizofungwa huku bara. Kwetu iko moja, Elato, juu ya mji kwenye miti ya misonobari. Mwenye hoteli ni Pandelis, mtoto wa Bi Kalomira.

Bi Kalomira alikuwa mteja wa Asimina tangu enzi za shangazi. Kabla ya uchaguzi, akiwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, alizoea kupaza sauti, maana chini ya mashine ile mtu hudhani wote ni viziwi: "Hawa wageni watatumaliza. Waende kwao." Sasa, kiti kilekile, mashine ileile, alisema, "Ni viumbe vya Mungu, mwanangu. Na hoteli ikikaa bila moto baridi nzima, mabomba yanapasuka."

"Ndiyo, Bi Kalomira," akasema Asimina, kama alivyosema mara ya kwanza.

Rigas akaja, safari hii bila kutaka kukatwa nywele. Akasimama mlangoni.

"Wiki ijayo baraza linatakiwa kutoa maoni kuhusu Elato. Tutasema ndiyo."

Asimina akaacha kufagia. "Tuliandika hapana."

"Hali imebadilika."

"Wakimbizi wamebadilika?"

"Serikali imebadilika. Wakati ule kusema hapana ilikuwa kuwapinga wao. Leo ni kujipinga sisi wenyewe. Umenielewa?"

"Ndiyo," akasema Asimina, ingawa hakuelewa, na Rigas akaenda zake ameridhika.

Kabla vumbi la fagio halijatulia, Efthimis akaingia. Yeye sasa alikuwa kiongozi wa upinzani barazani.

"Bi Asimina, nakuomba upige kura ya hapana."

"Mwalimu, si wewe uliyewaleta wa kwanza?"

"Ndiyo. Mimi siwapingi wakimbizi. Napinga utaratibu. Mji haukushirikishwa."

"Ulipowaleta wale wa kwanza ulitushirikisha?"

Aliuliza kwa kutaka kujua tu, wala hakukusudia kubisha. Efthimis akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Ile ilikuwa tofauti."

"Tofauti vipi?"

"Ni mambo marefu. Nitakueleza siku nyingine." Hakumweleza hadi leo.

Wiki ile Asimina hakulala vizuri. Mchana aliniletea kahawa kibandani akakaa kwenye kreti la maji. "Wewe unauza magazeti," akaniambia, "niambie basi." Nikamwambia gazeti hili linasema hivi, lile linasema vile, na mwezi wa nne, kabla ya uchaguzi, kila moja lilikuwa likisema la mwenzake. Akacheka kidogo. Nyumbani alimwuliza Zisis, ambaye alipunguza sauti ya televisheni, heshima ambayo humpa mtu mara chache.

"Mke wangu, picha yako ilikuwa juu ya neno gani?"

"Hapana."

"Basi sema hapana, urudi nyumbani tule. Mtu akishatoa neno, ametoa."

"Lakini sikulitoa mimi. Lilichapwa kabla sijalisoma."

"Mimi nilisaini mkopo wa lori bila kuusoma. Niliulipa."

Akabaki Nasrin. Jumanne, pazia likiwa limeshuka, Asimina akamgeuza kwenye kiti ili watazamane moja kwa moja badala ya kupitia kioo. Akamweleza kwa maneno mafupi mafupi: hoteli, watu wengi, baraza, mimi nakaa humo, kura, ndiyo au hapana. Aliniambia kwamba alikwishakata shauri: mwenzake akilia, au akisema ana ndugu kule kwenye mahema, atasema ndiyo liwe liwalo.

Nasrin akafikiri. "Watu wengi wakija," akasema, "watu wa hapa wanakasirika. Wanakasirikia na mimi."

"Kwa hiyo niseme hapana?"

"Kule kwenye hema ni vibaya. Mimi nilikaa. Vibaya sana."

"Kwa hiyo niseme ndiyo?"

"Mimi ninakwenda Ujerumani," akasema Nasrin. "Hapa baridi, kazi hakuna. Usiseme kwa ajili yangu." Kisha akageuza kiti mwenyewe akatazama kioo. "Mbele fupi kidogo, tafadhali."

Mkutano ulifanyika alasiri. Uwanja ulijaa watu na bendera, wengine wametoka vijiji vya jirani ambavyo kura ile haikuvihusu hata kidogo. Kuna mtu alipanda mnarani akawa anagonga kengele ya kanisa kama kuna moto. Ndani ya ukumbi ukisema jambo ilibidi ulirudie. Rigas akasoma pendekezo. Sauti yake ilikuwa ya duka la dawa, ile anayotumia kumwambia mgonjwa kwamba dawa chungu ndiyo inayoponya. Efthimis akajibu kwa hotuba ambayo, kama ungefumba macho, ungesema ni ya Rigas ya kampeni za mwezi wa tano, ila sarufi imenyooka zaidi.

Madiwani wakaanza kuitwa kwa majina. Kwa alfabeti yetu ya Kigiriki jina la Psarrou huangukia mwishoni, hivyo Asimina alikaa akizisikiliza kura za wenzake zikienda huku na huku. Aliniambia hakuhesabu. Alikuwa akiitazama shingo ya diwani aliyekaa mbele yake, aliyenyolewa vibaya, na kufikiri nani kamfanyia vile.

"Psarrou Asimina."

Akasimama, ingawa wengine walijibu wakiwa wamekaa.

"Hapana," akasema.

Anasema neno lile lilitoka kinywani kama la mtu mwingine. Pendekezo likaanguka kwa kura moja, na kura yenyewe kila mtu aliijua ni ya nani.

Rigas alimfuata kwenye ngazi. "Umenisaliti, Bi Asimina."

"Nimesema ulichosema wewe."

"Nilisema kabla ya uchaguzi."

Efthimis alimbusu mashavu yote mawili. Nje watu wakampigia makofi, mtu mmoja asiyemjua akamwekea bendera mabegani, mwingine akamshika mkono akamwambia maneno juu ya Waislamu ambayo Asimina hakuyarudia kwangu, alisema tu kwamba alitamani kunawa. Bi Kalomira alikuwa amesimama karibu na mlango wa kanisa. "Kichwa hiki umekishika tangu ulipokuwa msichana," akamwambia, "leo umekikata." Akaondoka na hakuja tena saluni.

Siku zilizofuata hazikumpa nafuu. Wanaume ambao hawakuwahi kukanyaga kwake waliingia kumpongeza. Mmoja alimletea chupa ya pombe ya zabibu, "kwa mwanamke aliyefunga mlango." Asimina akaipokea, akasema asante, akampa Zisis achue mgongo. Baadhi ya wateja wake wazuri kabisa, mke wa mwokaji mikate na walimu wa shule, walianza kuwa na shughuli kila alipowapigia simu. Kwa mara ya kwanza maishani kulikuwa na watu Mavrolithi walioamini kwamba Asimina hayuko upande wao, na yeye hakuweza kuwaeleza yuko upande gani, maana hakujua.

Halafu mabasi yakaja.

Maoni ya baraza yalikuwa maoni tu. Wizara ilikuwa imeshakubaliana na Pandelis, na mchana mmoja wa jua tukasikia kwamba mabasi mawili yako darajani. Watu wakakimbilia huko, wakaziba njia kwa magari ya kubebea mizigo. Asimina naye alikwenda. Diwani aliyepiga kura ya hapana angebakije nyuma ya kioo? Rigas alikuwepo, amesimama na umati kwa sababu kamera zilikuwepo, na kila baada ya muda akijitenga kuzungumza kwa simu.

Abiria wengi walikuwa wamelala, vichwa vimeegemea vioo. Mzee mmoja kwenye kiti cha mbele aliamka, akaona watu wote wale wamemjia na bendera, akatabasamu, akapunga mkono. Watu kadhaa wa kwetu wakampungia. Hawakukusudia, kwetu mtu akikupungia unampungia. Asimina alikuwa mmoja wao. Kisha wakatazamana, mikono bado iko juu, wakaishusha. Mtu mmoja akaanza tena kupiga kelele, lakini kelele zile zilikuwa zimekwishapoteza nguvu. Jioni watu waliporudi nyumbani kula, mabasi yalizunguka kwa njia ya chini, ile ya malori ya magogo, na Pandelis mwenyewe akitangulia na gari lake kuyaonyesha njia.

Baridi ile wageni wa hoteli walikuwa wakishuka mjini kwa miguu, wamevaa makoti ya saizi zisizo zao. Walinunua mikate kwa wingi hivi kwamba mwokaji aliongeza tanuri. Hakuna kilichotokea, si cha kutisha wala cha kusimuliwa kanisani. Kabla ya Krismasi Bi Kalomira akarudi saluni, kichwa kimefunikwa kitambaa. Akakivua. Msusi wa mji wa jirani alikuwa amempaka rangi ya boga.

"Usiseme neno," akasema.

Asimina akachanganya rangi, akavaa glavu. Chini ya mashine Bi Kalomira akapaza sauti: "Hawa wetu wametulia, sina neno nao. Ila serikali isituletee wengine."

Nasrin aliondoka kabla ya Pasaka. Mtu wa kumsafirisha alipatikana, au karatasi zilipatikana. Hakusema na Asimina hakuuliza. Alikuja kuaga na sahani ya wali wenye karoti na zabibu kavu, imefungwa kwa kitambaa.

"Ile kura," akauliza, Kigiriki chake sasa kimepanda darasa la nne. "Wewe ulisemaje?"

Asimina angeweza kuligeuza. "Nilisema hapana."

Nasrin akafikiri. "Lakini walikuja."

"Walikuja."

"Basi vizuri," akasema, akamkumbatia. Mpaka leo Asimina hajui ni kipi kilichokuwa vizuri, kwamba walikuja, au kwamba alisema hapana, au ilikuwa ni Kigiriki tu cha kuagia. Amewahi kuniuliza mara kadhaa mimi naonaje. Mimi sijui.

Mwaka wa tatu serikali ikaamua kuzifunga hoteli zote na kuwarudisha watu kwenye kambi kubwa zenye uzio. Hapo ndipo mji ulipotushangaza. Mwokaji akalalamika. Walimu wakalalamika, maana darasa moja lingekufa. Watu walewale waliokuwa darajani wakaja barazani kusema kwamba "wetu" wabaki. Na kwa kuwa uchaguzi mwingine ulikuwa umeanza kunukia, Rigas alisimama akasema wabaki, Efthimis akasimama akasema alikuwa wa kwanza kusema wabaki, wakabishana nani alitangulia mpaka karani akaomba wapige kura. Wote walisema ndiyo. Asimina naye alisema ndiyo, akiwa amekaa safari hii. Aliniambia neno lile lilikuwa jepesi kwa kuwa halikuwa na uzito wowote. Kila mtu alikuwa analisema.

Mabasi yakaja asubuhi. Asimina alifunga saluni, akapanda hadi Elato. Watu walikuwa wanapakia mabegi kimya kimya. Akamwendea afisa kijana aliyekuwa akisimamia kazi.

"Mimi ni diwani wa hapa. Baraza limesema wabaki."

"Najua, mama. Nimesikia."

"Basi nani ameamua waondoke?"

Kijana akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Kwa kweli sijui. Mimi nimeletewa mabasi."

Alibaki pale mpaka la mwisho lilipoondoka, akimsaidia mwanamke mmoja kufunga sanduku lililovunjika zipu, kwa mkanda wa koti lake mwenyewe. Kisha akateremka, kwa sababu alikuwa na bibi harusi saa sita.

Miezi michache baadaye Rigas na Efthimis walimjia tena, kila mmoja kwa wakati wake. Rigas alimtaka kwa kuwa ni mwanamke asiyeyumba. Efthimis alimtaka kwa kuwa ni mwanamke aliyejifunza. Wote wawili aliwaambia atafikiri, na kweli alifikiri. Nilimwona akifikiri, amekaa kwenye kiti cha wateja, aproni mapajani, akiutazama uwanja. Tarehe ya kurudisha majina ikapita akiwa bado anafikiri.

Rigas akamchukua mke wa mwokaji, naye ndiye diwani sasa. Elato imefungwa, na Pandelis ametundika langoni bango la kuiuza.